Kusafisha Mchanga wa Pwani Bila Kuua Uhai Wake



Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mmezaliwa mbali na bahari. Aliyekulia Bukavu, Kalemie au Lubumbashi aweza kuzeeka bila kuona wimbi la maji ya chumvi. Hata hivyo Kongo yetu ina bahari. Ni ukanda mwembamba wa kilomita 40 hivi huko Muanda, pale ambapo mto wetu mkubwa unaingia katika Atlantiki. Pwani hiyo ndogo imebeba mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi: visima vya mafuta ya petroli vinavyotoa mafuta tangu miaka ya 1970, na hifadhi ya mikoko iliyoundwa mwaka 1992, ambamo nguva na kasa hupata makazi. Nasi wa mashariki tusijidhanie kuwa watazamaji tu. Mwezi wa Julai 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, baadhi yake vikiwa katika eneo la Ziwa Tanganyika na katika bonde la Ziwa Albert. Mnada huo ulifutwa Oktoba 2024, lakini hamu ya mafuta haikufutwa pamoja nao. Tena, hata bila kisima kimoja, vyombo hupita kila siku ziwani vikibeba mapipa ya mafuta kwenda bandarini Uvira na Kalemie.

Kwa hiyo swali hili linatuhusu: mafuta yakimwagika na kufika katika mchanga wa ufuko, mchanga huo usafishwe namna gani? Jibu linaloonekana rahisi ni kwamba usafishwe upesi, kwa nguvu zote, mpaka urudie weupe wake. Mimi nadhani jibu hilo ni la hatari. Ufuko usihesabiwe kuwa safi kwa sababu unapendeza macho. Uhesabiwe kuwa safi kwa kadiri uhai ulivyorudi ndani yake. Na njia zinazorudisha uhai mara nyingi ni zile zinazoonekana dhaifu: mkono, koleo, wimbi, hewa, mbolea kidogo, na subira yenye usimamizi. Nitawaonyesha kwa nini, kwa mifano ya mambo yaliyotokea kweli.

Kwanza tukumbuke mchanga ni kitu gani. Tukiutazama kwa mbali tunaona punje kavu tu, kumbe katikati ya punje hizo kuna maji, hewa, mwani mdogo usioonekana kwa macho, minyoo, kaa wachanga, chaza, pamoja na bakteria wengi mno wasiohesabika. Ndio wanaokula mabaki ya vitu vilivyokufa na kuyafanya kuwa chakula cha wengine. Ndege wa pwani hula minyoo hiyo. Kasa hutaga mayai yake katika mchanga huohuo. Mafuta ghafi yakifika hapo hufanya ubaya wa aina mbili. Sehemu zake nyepesi, kama benzini, zina sumu kali ya papo hapo, lakini nyingi huvukia hewani ndani ya siku chache. Sehemu nzito hubaki, huganda kama lami, huziba nafasi za hewa kati ya punje na kuvisonga viumbe vilivyomo. Anayetaka kusafisha lazima akumbuke kwamba anafanya kazi ndani ya nyumba yenye wakazi.

Waingereza walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 18 Machi 1967 meli iitwayo Torrey Canyon, iliyobeba takriban tani 119,000 za mafuta ghafi kutoka Kuwait, iligonga miamba ya Seven Stones karibu na ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Ilikuwa ajali ya kwanza ya ukubwa huo, na hakuna aliyekuwa amejiandaa. Mafuta yalipofika katika fukwe za Cornwall, watu walishikwa na hofu. Msimu wa wageni wa kiangazi ulikuwa unakaribia, na kila mtu alitaka kuona mchanga wake ukiwa mweupe tena. Kwa mafuta yanayokadiriwa kuwa tani 14,000 yaliyofika katika pwani hiyo, walimwaga takriban tani 10,000 za sabuni kali za viwandani, zilizochanganywa na viyeyusho vyenye sumu. Weusi ulipungua machoni, lakini sabuni ziliua kuliko mafuta yenyewe. Kuna konokono wadogo wa baharini, wenye gamba la umbo la kofia, ambao hung'ang'ania mwamba na kula mwani unaoota juu yake. Hao walikufa kwa wingi. Walipotoweka, mwani ukaota bila kizuizi na kufunika kila kitu, na mpangilio mzima wa uhai wa mahali pale ukavurugika kwa miaka.

Wanasayansi waliofuatilia pwani hiyo baadaye walikuta tofauti ya kustaajabisha. Pale Godrevy, mahali ambapo sabuni haikutumiwa, uhai ulirudi katika hali yake kwa miaka miwili au mitatu. Mahali sabuni ilipomwagwa kwa wingi, ilichukua miaka 10 hadi 15. Yaani mafuta yalikuwa yaleyale na bahari ileile, ila wale waliojitahidi sana kusafisha ndio waliochelewesha uponyaji. Haraka haraka haina baraka, walisema wazee wetu, nao hawakuwa wameiona Cornwall.

Mtu aweza kudhani kwamba, baada ya somo kama hilo, kosa lisingerudiwa. Lilirudiwa kwa sura nyingine miaka 22 baadaye. Tarehe 24 Machi 1989 meli Exxon Valdez iligonga mwamba katika ghuba ya Prince William Sound, jimbo la Alaska nchini Marekani, ikamwaga takriban tani 37,000 za mafuta. Pwani ya urefu wa kilomita 2,000 hivi iliguswa. Safari hii sabuni hazikuwa silaha kuu. Waliamua kutumia maji ya moto, yenye joto la nyuzi 60 hivi, yakisukumwa kwa mabomba yenye nguvu nyingi. Maji hayo hayakuwa na sumu yoyote, na kwa hiyo mtu angeweza kuyaita safi. Lakini chaza, konokono na mwani waliokuwa wamenusurika na mafuta walipikwa humohumo walimokaa. Tena nguvu ya maji ilichukua mchanga laini na kuuporomosha chini ya ufuko pamoja na mafuta yake, hata mahali palipokuwa hapajachafuka. Wataalamu waliozifuatilia fukwe hizo kwa miaka kadhaa walitambua kwamba sehemu zilizooshwa hivyo zilichelewa kupata nafuu kuliko sehemu zilizochafuka lakini zikaachwa bila kuoshwa.

Hata hivyo Alaska ilitupatia pia somo jema. Mwaka huohuo wa 1989, katika fukwe zenye urefu wa zaidi ya kilomita 100, walijaribu jambo la unyenyekevu zaidi: waliweka mbolea. Moja ilikuwa ya maji, inayoshikamana na mafuta. Nyingine ilikuwa ya punje, inayoachia virutubisho polepole. Mahali pengi mafuta yalioza kwa kasi iliyo mara mbili au zaidi ya ile ya mahali pasipowekwa kitu.

Kwa nini mbolea isaidie kuondoa mafuta? Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe. Mafuta ya petroli si kitu kigeni kabisa duniani. Tangu zamani za kale yamekuwa yakivuja yenyewe kutoka chini ya bahari katika sehemu mbalimbali, na wapo bakteria wanaoyafanya kuwa chakula. Mmoja wao aitwa Alcanivorax borkumensis. Wanasayansi walimweleza kwa jina hilo mwaka 1998. Katika maji safi huwa wachache sana, lakini mafuta yakija huongezeka kwa kasi. Wafanyakazi basi wako tayari, hawahitaji kuajiriwa. Wanahitaji tu kupewa mahitaji yao, nayo ni manne.

La kwanza ni chakula kilichokamilika. Mafuta yana kaboni tele, lakini karibu hayana nitrojeni wala fosforasi. Bakteria aliyezungukwa na mafuta matupu ni kama mtu aliyeandaliwa mlima wa ugali bila sombe wala samaki: atashiba, lakini hataweza kukua. Mbolea ndiyo mboga yake. La pili ni hewa. Bakteria wanaokula mafuta kwa kasi huhitaji oksijeni, na mchanga uliozibwa na lami au kujaa maji yaliyotuama haupitishi hewa. Kwa hiyo kuulima mchanga kwa reke au kwa jembe, polepole na kwa kina kinachofaa, ni kazi ya kusafisha kama ilivyo kuosha. La tatu ni uso wa kuulia. Bonge la lami huliwa kwa nje tu. Baada ya ajali ya kisima cha Deepwater Horizon katika Ghuba ya Meksiko, iliyoua watu 11 tarehe 20 Aprili 2010, watafiti walichunguza mchanga wa ufuko wa Pensacola, Florida. Mafuta yaliyokuwa yametawanyika kati ya punje za mchanga yalioza kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Lakini kwa mabonge yenye ukubwa wa ndimu, walikadiria mwaka 2019 kwamba yangehitaji zaidi ya miaka 30. La nne ni muda wenyewe, ambao hakuna fedha inayoweza kuununua.

Kutokana na mahitaji hayo manne, mpango wa kusafisha unajipanga wenyewe.

Hatua ya kwanza ni kuzuia mafuta yasifike mchangani, kwa kuyazungushia vizuizi vinavyoelea na kuyanyonya juu ya maji. Vitu vya asili vyafaa sana hapa. Sufi, ile pamba laini ya mti wa msufi, hunyonya mafuta mara nyingi kuliko uzito wake na hukataa maji, hivyo huendelea kuelea. Makumbi ya nazi, manyoya ya kuku na majani makavu ya miwa pia husaidia. Sharti ni moja: kila kilichowekwa lazima kikusanywe tena, la sivyo tumeongeza taka juu ya taka.

Hatua ya pili ni kuondoa mafuta mazito kwa mkono na koleo, tukichukua mafuta mengi na mchanga mchache kadiri iwezekanavyo. Mabonge ya lami yachekechwe ili mchanga urudi chini na lami ibaki katika chekeche. Mashine kubwa za kuchimbia huonekana kufanya kazi nyingi kwa siku moja, lakini magurudumu yake huyashindilia mafuta ndani zaidi, mahali ambapo hewa haifiki.

Hatua ya tatu ni kusuuza, kwa maji yaleyale ya bahari au ya ziwa, yakiwa baridi na yenye nguvu ndogo, huku mafuta yanayotoka yakikingwa chini kwa kizuizi na kunyonywa. Mahali penye mawimbi, bahari yenyewe yaweza kupewa kazi. Maji yanapokupwa, mchanga au kokoto zilizochafuka husogezwa chini hadi pale mawimbi yanapovunjika. Maji yanapojaa huziosha na baadaye huzirudisha juu. Njia hiyo ilitumiwa katika ufuko wa Amroth, Wales, baada ya meli Sea Empress kumwaga takriban tani 72,000 za mafuta ghafi mwezi wa Februari 1996. Siri yake ni kwamba chembe laini za udongo hujishikiza katika matone ya mafuta na kuyazuia yasigandamane tena wala kunata kwenye kokoto, na bakteria hupata uso mpana wa kuulia.

Hatua ya nne ni kuwahudumia bakteria kwa yale mabaki yasiyoshikika: kulima mchanga, kuweka mbolea kwa kipimo, na kupima kila baada ya muda. Nasema kwa kipimo, kwa maana mbolea ikizidi huotesha mwani mwingi, nao ukioza huyanyang'anya maji oksijeni. Katika ziwa kama Tanganyika, ambalo maji yake hukaa karne nyingi kabla ya kutoka, kosa hilo lingedumu. Msidanganyike pia na chupa za bakteria zinazouzwa kama dawa ya muujiza; mara nyingi bakteria wa kuletwa hushindwa na wenyeji waliozoea mahali pao.

Mchanga ambao haukuwezekana kusafishwa palepale upelekwe mahali palipotandikwa karatasi nzito ya plastiki na kuzungushiwa mfereji wa kukinga maji yanayochuruzika. Hapo uchanganywe na samadi au maganda ya mpunga, umwagiliwe kidogo, ugeuzwe mara kwa mara kama mtu anavyogeuza mboji. Hauozi kwa wiki moja, lakini unaoza. Kuuchoma moto hovyo au kuufukia kando ya kijiji ni kuhamisha sumu tu.

Wengine huuliza: kwa nini tusiuchukue mchanga wote mchafu na kuutupa mbali, tukamaliza kazi? Wafaransa wanaweza kutujibu. Meli Erika ilivunjika tarehe 12 Desemba 1999 karibu na pwani ya Brittany na kumwaga takriban tani 20,000 za mafuta mazito. Taka zilizokusanywa kutoka fukwe, mafuta pamoja na mchanga, mawe na mwani, zilizidi tani 200,000. Kila tani moja ya mafuta iliyomwagika ilizaa zaidi ya tani kumi za taka zilizohitaji mahali pa kuwekwa na kushughulikiwa kwa miaka. Na ufuko unaopoteza mchanga wake hupoteza ukuta unaoukinga dhidi ya mawimbi. Nchi kavu huanza kuliwa na bahari.

Sasa nije kwenu hasa. Tarehe 25 Julai 2020 meli Wakashio ilikwama katika matumbawe ya Pointe d'Esny, kisiwani Morisi, na tangu tarehe 6 Agosti takriban tani 1,000 za mafuta zilivuja. Wenyeji wa Mahébourg na vijiji vya jirani hawakungoja kuamriwa. Walishona mifuko mirefu ya kitambaa na nyavu, wakaijaza majani makavu ya miwa, wakafunga chupa tupu za plastiki ili ielee. Wengine walikata nywele zao zitiwe ndani. Ilikuwa kazi ya vijana na wazee, ya wavuvi na wanafunzi, nayo yastahili heshima kubwa, kwa sababu mchanga ulio rahisi kusafishwa ni ule ambao mafuta hayajaufikia. Lakini picha za siku zile zinaonyesha pia vijana waliochafuka mafuta hadi mabegani. Hilo ndilo nisilotaka liwapate ninyi. Mafuta mabichi hutoa mvuke unaodhuru mapafu na damu; hupenya ngozi. Moyo wa kujitolea hauzuii sumu. Kama hakuna glavu, viatu vya mpira, barakoa inayofaa na mtu anayejua kupima hewa, kazi ya kijana ni kukaa upande unakotoka upepo, mbali na mafuta, na kushona vizuizi. Watoto na wajawazito wasikaribie kabisa.

Lazima pia nijibu hoja inayoweza kutolewa dhidi yangu, nayo ni nzito. Mtu atasema: ukihubiri subira na bakteria, unampa mchafuzi kisingizio. Atasema, «Asili itajisafisha», kisha atakunja mikono. Hoja hiyo ina ukweli, na mfano wake uko barani kwetu. Katika nchi ya Waogoni, kwenye delta ya mto Niger nchini Nigeria, mafuta yamemwagika kwa miongo mingi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa taarifa yake mwaka 2011. Lilikuta kwamba njia iliyokuwa ikitumiwa huko kusafisha udongo ilikuwa, kwa jina, ni hii ninayoitetea: kuisaidia asili ioze mafuta. Kwa vitendo, udongo uligeuzwa juujuu tu, huku mafuta yakiendelea kushuka. Katika sehemu nyingi yalikutwa kwa kina cha mita tano na zaidi. Maji ya visima vya kunywa katika kijiji cha Ogale yalikuwa na benzini mara 900 zaidi ya kiwango kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Taarifa hiyo ilikadiria kwamba kurudisha mazingira ya Ogoni katika hali njema kungehitaji miaka 25 hadi 30.

Alaska nako kuna onyo kama hilo. Mwaka 2001 wachunguzi walichimba maelfu ya mashimo katika fukwe zilizochafuliwa mwaka 1989, wakakuta chini ya mawe mafuta ambayo yalikuwa bado mabichi. Hewa haikufika huko, virutubisho havikufika, na bakteria hawakuweza kufanya kazi. Asili ilikuwa imefungiwa mlango.

Kwa hiyo, subira ninayoitetea mimi haifanani na uzembe, ingawa kwa mbali vyaweza kuonekana ndugu. Mzembe huacha mafuta mazito mahali pake. Mwenye subira huyaondoa kwanza kwa mkono. Mzembe hageuzi udongo ila ule unaoonekana. Mwenye subira huchimba ili ajue mafuta yamefika wapi. Mzembe hutangaza tarehe ya kumaliza kabla hajapima. Mwenye subira hupima, huandika, hurudi baada ya mwaka na kupima tena. Na gharama ya subira hiyo lazima imwangukie aliyemwaga mafuta, wala si mvuvi aliyepoteza nyavu zake. Njia laini isigeuzwe kuwa njia rahisi ya kumwachilia mwenye deni.

Ndiyo maana nawaomba, katika vikundi vyenu, mjizoeze kuuliza maswali badala ya kungoja siku ya msiba. Je, mafuta yamefika kina gani, na nani amepima? Ni nini kinachomwagwa juu ya mchanga wetu, na kinaua viumbe gani? Mchanga unaoondolewa unapelekwa wapi? Maji ya visima vya jirani yamepimwa lini, na matokeo yake yamebandikwa wapi ili kila mtu ayasome? Nani atarudi hapa mwakani? Kijana anayejua kuuliza hivyo ana thamani kuliko vijana mia wenye mafagio, kwa sababu mwenye fagio anaweza kutumiwa kupamba ufuko kwa ajili ya picha.

Tena msingoje bahari. Mafuta machafu ya injini yanamwagwa kila siku katika gereji zetu, kando ya mitaro inayoshuka ziwani. Mambo niliyoeleza yanafanya kazi hapo pia. Kusanyeni mafuta hayo katika dumu kabla hayajagusa udongo. Palipomwagika, wekeni unga wa mbao unyonye, kisha uondoeni pamoja na tabaka la udongo lililolowa. Msiusukumie mtaroni kwa maji na sabuni. Udongo huo uchanganyeni na samadi juu ya plastiki, mbali na kisima na bustani ya mboga, mkiugeuza kila wiki, na msiutumie kamwe kupandia chakula. Fundi wa mtaani akiona kwamba kazi hiyo yawezekana kwa ndoo na koleo, ataanza kutazama upya ule mtaro ulio mlangoni pake.

Mafuta yamwagikapo, watakuja watu wenye haraka, na watakuja pia watu wenye visingizio. Wa kwanza watataka mchanga mweupe kesho asubuhi. Wa pili watasema mchanga utajisafisha. Ninyi mjifunze kusimama katikati yao, mkiwa na koleo, kipimo na daftari, na mkikumbuka kwamba ndani ya mchanga ule kuna wakazi wanaosubiri kuona kama mmekuja kuwaokoa au kuwafukuza.